Upepo Uwe Mgongoni: Iringa hadi Babati kwa Baiskeli, Hatua Nne

Tangu Kim Le Court wa Mauritius avae jezi ya njano ya Tour de France ya wanawake, Julai 2025, akiwa Mwafrika wa kwanza kuivaa katika mbio hizo, akina dada wanaoniuliza habari za njia ya Dodoma wameongezeka. Swali lao la kwanza huwa milima. Milima ipo, lakini si ya kukunyima usingizi. Kinachommaliza mtu kwenye uwanda huu ni upepo na maji, na vyote viwili vinapangwa nyumbani kabla hujapakia begi.

Wakati wa kiangazi upepo hapa hutoka kusini mashariki, na kadiri jua linavyopanda ndivyo unavyozidi. Tour d'Afrique, msafara wa Cairo hadi Cape Town ulioanza mwaka 2003, wenye hatua za kushindaniwa na matokeo ya wanawake peke yao, kwa miaka mingi ulishuka kwa Babati, Kondoa na Dodoma, ukielekea kusini. Wao wanaelekea Cape Town, hawana hiari. Wewe huna miadi huko: anzia Iringa, upande kaskazini. Njia yote ni kama kilomita 510, na yote ni lami. Kipande cha Dodoma–Babati, kilomita 251, kilizinduliwa Aprili 2018, na waliopita kabla ya hapo watakusimulia tope la Kondoa mpaka uchoke.

Mwezi wangu ni Julai. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kuisha Aprili, na Oktoba na Novemba joto halina adabu. Mei na Juni hali ya hewa ni nzuri, ila Bunge la bajeti huwa limekaa hadi mwisho wa Juni, na chumba cha kulala mjini Dodoma utakitafuta kwa tochi. Wiki ya Nanenane, yaani tarehe 8 Agosti, nayo mji hufurika. Kumbuka koti: usiku wa Julai una baridi ambayo wageni kutoka Dar huwa hawaiamini mpaka iwapate.

Kufika Iringa panda basi. Usijaribu kupiga pedali kutoka Pwani, maana barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na mle wenye njia ni tembo na simba. Baiskeli huingia kwenye buti kwa bei ya maelewano, na maelewano yafanyike kabla ya safari. Vua gurudumu la mbele, funga upande wa gia kwa kanga ya zamani, kisha simama hapo hapo mpaka mlango wa buti ufungwe. Mara moja niliondoka kwenda kunywa chai. Nilipofika nilikuta baiskeli yangu imelala chini ya gunia tatu za mkaa, gia ya nyuma imepinda kama ndoano.

Hatua ya kwanza, Iringa hadi Mtera, ni kama kilomita 130. Unaanzia juu, zaidi ya mita 1,500, unaishia bwawani, karibu na mita 700. Si mteremko mtupu, lakini mwili utakushukuru. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, uwe umefika kabla ya saa sita. Barabara inapita juu ya bwawa lenyewe, na kwa kuwa pale ni kituo cha umeme chenye ulinzi, kamera ikae mfukoni. Perege wa kukaanga wanauzwa kando ya njia. Kula wawili. Nyumba za wageni za hapa ni za kawaida kabisa, ndoo ya maji na chandarua, basi.

Siku ya pili ndiyo mtihani. Kutoka Mtera hadi Dodoma ni kilomita 130 nyingine, na sasa unazipanda baadhi ya zile mita ulizozitelemka. Mlima Fufu upandwe mapema, jua likiwa bado na huruma. Beba lita nne za maji, ujaze tena Mlowa Barabarani. Na usitoke nje ya lami! Ukienda kupiga picha chini ya mbuyu, inyanyue baiskeli begani. Ardhi hii imejaa mbigili, vijidude vyenye miiba pande zote, na vikiangukia chini mwiba mmoja lazima utazame juu. Nilishawahi kufuata mbuyu mmoja tu, hatua thelathini, nikahesabu mbigili kumi na moja kwenye tairi la mbele. Usizing'oe kwa pupa. Kwanza tayarisha tyubu ya akiba, kisha geuza gurudumu polepole na upapase ndani ya tairi kwa kitambaa, si kwa kidole. Fundi wa pancha utampata karibu kila kijiji chenye duka, lakini kazi yake ni matairi manene ya Phoenix za kubebea madumu ya maji. Tyubu nyembamba za baiskeli za mbio njoo nazo mwenyewe.

Huku porini hakuna kichaka cha kujisitiri. Kanga ni choo, pazia, taulo, na ukisimama sokoni unajifunga juu ya ile bukta inayobana. Kondoa, mji wenye Waislamu wengi, usishuke kwenye baiskeli bila kujifunga. Wazee uwape shikamoo, na kwa Wagogo ukisema "mbukwenyi" utaona nyuso zinavyofunguka. Nimewahi kugaiwa kiti na mlenda kwa neno hilo moja.

Dodoma pumzika siku nzima. Kula ugali wa uwele, na kama Agosti inakaribia ulizia zabibu, maana mavuno ya pili ya mwaka huanza kipindi hicho. Kisha pangilia ili hatua ya tatu iangukie Jumamosi, siku ya mnada wa Msalato, kilomita chache tu nje ya mji kwenye njia yako ya kwenda Kondoa. Mnada huchangamka jua likishapanda, nawe una kilomita karibu 160 mbele, kwa hiyo itabidi uchague: nyama choma au muda. Mimi huchagua nyama na kulala njiani, wilayani Chemba.

Kondoa–Babati ni karibu kilomita 100 zenye kupanda na kushuka, nzuri kuliko zote. Simama Kolo, kwenye ofisi ya malikale, ulipie kiingilio na upate wa kukuongoza kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Njia ya kwenda huko ni ya mawe, kwa hiyo viatu vya kunasa kwenye pedali viache ofisini, uvae kandambili au raba. Baada ya Kolo unapanda hadi Bereko, halafu unateleza kuelekea Bonga na Babati, ambako ziwa lina viboko na mabasi ya Arusha ni mengi. Baiskeli iingie ya mwisho kwenye buti, juu ya mizigo ya watu, na chai utakunywa Arusha.