Bawaba za Kujificha: Namna ya Kuchagua Zisizoshika Kutu

Katika gharama ya kabati zima, bawaba ni kitu kidogo, na wanunuzi wengi humwachia fundi seremala azichague. Kwa nyumba za mwambao, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani Unguja na Pemba, ni vyema mwenye nyumba ashiriki katika uamuzi huo. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi hula chuma hata ndani ya kabati lililofungwa. Mlango wa kabati la jiko ukianza kulegea na kuacha michirizi ya rangi ya kahawia kwenye mbao, tatizo huwa limeanza siku nyingi mahali pasipoonekana.

Bawaba za kujificha ni zile zisizoonekana mlango unapokuwa umefungwa. Nyingi huuzwa kwa jina la “stenlesi”, yaani chuma kisichoshika kutu, na kwa jina hilo mnunuzi hutozwa bei ya juu zaidi. Tunalotaka mlaji alifahamu kabla ya kulipa ni hili: bawaba ya namna hii si kipande kimoja cha chuma, na neno lililoandikwa juu ya boksi halisemi linahusu kipande kipi.

Ishike moja mkononi uitazame. Kuna kikombe cha mviringo kinachozamishwa katika tundu upande wa nyuma wa mlango; kipenyo chake kwa kawaida ni milimita 35. Kuna mkono, na kuna bamba linalofungwa ubavuni mwa kabati. Kisha zipo pini zinazouunganisha mkono na kikombe, springi inayouvuta mlango ujifunge, skrubu za kurekebishia na skrubu za kufungia kwenye mbao. Zile zinazofunga mlango taratibu bila kishindo zina pia silinda ndogo yenye mafuta. Kikombe na mkono ndivyo vinavyong’aa machoni pa mnunuzi. Pini, springi na skrubu huweza kuwa za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki au nikeli, na boksi likaendelea kusema stenlesi. Kutu huanza hapo. Pini ikishaliwa, kikombe kizuri kiasi gani hakitauzuia mlango kuning’inia.

Kwa hiyo swali la dukani lisiwe “Hii ni stenlesi?” pekee. Muuzaji aulizwe pia kama pini na skrubu ni za chuma hicho hicho, na kama ni cha daraja gani.

Daraja huandikwa kwa namba. Chuma huhesabiwa kuwa kisichoshika kutu kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Kromiamu hiyo hukutana na hewa na kufanya utando mwembamba mno usioonekana, unaokikinga chuma na kujirudisha unapokwaruzwa. Daraja la 304 lina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 kwa makadirio, na linatosha kwa majiko na mabafu mengi. Daraja la 316 huongezewa molibdenamu asilimia 2 hivi, nayo huimarisha chuma dhidi ya chumvi. Tunalishauri kwa kabati za baraza na majiko ya nje yanayotazama bahari. Daraja la 201 hupunguziwa nikeli na kuongezewa manganisi ili bei ishuke. Nalo ni stenlesi kwa jina na kwa haki, lakini haliwezi kuhimili chumvi sawasawa na 304, na kwa macho matupu hayatofautishwi.

Wapo wanunuzi wanaokwenda dukani na sumaku. Ni kipimo cha haraka, ila kinadanganya pande zote mbili. Daraja la 201 huwa halivutwi na sumaku sawa na 304, hivyo ukosefu wa mvuto hauthibitishi ubora. Tena kipande cha 304 kilichokunjwa na mashine huweza kuvutwa kidogo, na springi ya ndani huvutwa hata bawaba yote ikiwa nzuri. Sumaku ina kazi moja ya kweli: ikinasa kwa nguvu kwenye skrubu au pini, uliza zaidi kabla ya kununua.

Kwenye baadhi ya maboksi utakuta saa zimetajwa, kama saa 48 au 240. Hizo ni saa ambazo bidhaa imewekwa katika ukungu wa maji ya chumvi kwenye maabara. Si muda wa kuishi nyumbani kwako, lakini zinafaa kulinganishia bidhaa mbili.

Hatusemi kila mtu anunue stenlesi. Kwa kabati la nguo Dodoma au Iringa, mbali na bahari na mbali na maji, bawaba nzuri ya chuma kilichopakwa nikeli inatosha, na fedha inayobaki ni heri iongezwe kwenye mbao. Mbao za chembe zilizovimba kwa maji haziwezi kushika skrubu, iwe ya daraja lolote.

Umbo nalo lina maana. Mkono ulionyooka ni wa mlango unaofunika ubavu wote wa kabati. Uliopinda kidogo ni wa milango miwili inayogawana ubavu mmoja. Uliopinda sana ni wa mlango unaoingia ndani ya fremu. Mlango wa kabati usiozidi sentimita 90 kwa urefu hubebwa na bawaba mbili, na unaokaribia sentimita 160 huhitaji tatu. Ukiwa mzito, ongeza moja. Bawaba hizi za kikombe zisifungwe kamwe kwenye milango ya vyumba. Mlango wa mninga mtupu wenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 80 na unene wa sentimita 4 una uzito wa kilo 40 hivi. Mlango wa namna hiyo una bawaba zake za kujificha, zinazozamishwa katika ukingo wa mlango na fremu, na huchaguliwa kwa kilo zinazotajwa na mtengenezaji.

Baada ya kufunga, adui mkubwa mara nyingi ni usafi wenyewe. Mafundi wa vigae husafisha saruji kwa asidi, na mvuke wa asidi hiyo huweza kuzishikisha kutu bawaba mpya ndani ya siku chache, zikiwemo za 304. Vigae visafishwe na kusuuzwa kabla kabati halijafungwa. Dawa ya klorini ya kung’arishia nguo isiwekwe chini ya sinki ikiwa wazi. Sufi ya chuma isitumike kusugulia. Huacha chembe zinazoota kutu juu ya chuma kizuri.

Mwisho ni risiti. Ikiandikwa “bawaba jozi 10” tu, huna la kumshikia muuzaji. Omba iandikwe “bawaba za kujificha, stenlesi 304, pamoja na pini na skrubu”, hata kama mnunuzi ni fundi wako, na risiti ubaki nayo wewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa, na bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Bawaba ikishika kutu mapema, ipige picha ikiwa bado kwenye mlango, tunza boksi, na urudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti. Akikataa kukusikiliza, lete malalamiko yako kwa maandishi pamoja na bawaba moja iliyoharibika, hiyo usiisafishe.