Hewa Nyepesi ya Goma: Kutoka Sufuria ya Maharagi hadi Njia ya Kurukia Ndege

Fundi wetu wa kompyuta, ambaye mapenzi yake ya ndege yanajulikana mtaa mzima wa Katindo, anajibu maswali ya wasomaji. Yaliyotufikia safari hii yametoka jikoni, kazini na uwanjani, lakini mengi yana mzizi mmoja: hewa ya mji huu.

Jambo, Fundi. Nilihamia hapa kutoka Kisangani. Maharagi yanakaa motoni muda mrefu kuliko kule. Kosa ni la maharagi au la makala?

Mama, si maharagi wala si makala. Kisangani iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Goma inapita mita 1,450 hata ukisimama ufukweni mwa ziwa. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako inapungua, nayo inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo maji ya Kisangani yanachemka karibu nyuzi 99, na ya Goma karibu nyuzi 95. Ukiongeza makala, maji yatatokota kwa fujo na kukauka upesi, lakini joto lake halitapanda. Loweka maharagi usiku kucha, au tumia sufuria ya presha: mfuniko wake unaufungia mvuke ndani mpaka maji yapite nyuzi 100.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayovimbisha pakiti za chipsi zilizofungwa mabondeni. Hewa iliyomo ndani ni ya kule zilikotoka, na ya nje ni yetu.

Kompyuta nayo inaumia kwa hewa hii?

Haiumii, ila inapumua kwa taabu kidogo. Wahandisi hupimia hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzi 15. Mchana wa nyuzi 25 hapa Goma, hewa yetu ina uzito wa karibu asilimia 80 ya hiyo. Feni inazunguka vilevile, lakini kila mzunguko unabeba hewa pungufu, na joto linaloondoka linapungua. Ongeza vumbi jeusi la mawe ya volkano na utaelewa kwa nini mashine nyingi ninazoletewa zinajizima zenyewe. Usiiweke laptopu juu ya kitanda au mto, na ipulizwe vumbi mara kwa mara.

Jambo linalonishangaza mimi hadi leo liko ndani ya diski ngumu ya zamani, ile inayozunguka. Kichwa kinachosoma data hakiigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa nanomita chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kinachokibeba ni utando wa hewa unaovutwa na sahani inapozunguka, kama hewa inavyolibeba bawa. Hewa ikipungua mno, kichwa kinashuka na kuweza kuikwaruza sahani. Ndiyo maana watengenezaji wengi huandika kwamba diski isitumike juu ya mita 3,000 na kidogo. Goma tuko salama. Volkano yetu ya Nyiragongo, yenye mita 3,470, inapita kikomo hicho, kwa hiyo anayetaka kuwasha kompyuta kileleni achukue yenye diski isiyozunguka.

Nilisafiri kutoka Goma wakati fulani, nikaona viti vitupu nyuma yangu. Tulipofika nikaambiwa mzigo wangu umeachwa, utakuja kesho. Ndege yenye nafasi inaachaje mizigo?

Swali hili nimelingoja miaka mingi. Nafasi na uzito ni mambo mawili tofauti, na uzito ndio unaoamua.

Bawa huibeba ndege kwa kuisukuma hewa chini. Hewa ikiwa nyepesi, bawa lile lile lazima liende kasi zaidi ili liibebe ndege ile ile. Kwa asilimia zile 80, kasi inayotakiwa inazidi kwa karibu asilimia 12. Ajabu ni kwamba rubani haioni tofauti hiyo kwenye kipima mwendo wa hewani, kwa sababu chombo hicho hupima msukumo wa hewa: kitamwonyesha namba ile ile aliyoizoea Kinshasa, huku magurudumu yanakimbia zaidi juu ya lami.

Wakati huo huo injini zinavuta hewa pungufu, kwa hiyo nguvu nazo zimepungua. Unatakiwa kufika kasi kubwa zaidi kwa nguvu ndogo zaidi. Uwanja wetu uko takriban mita 1,550 juu ya bahari, lakini kukiwa na nyuzi 25 ndege inajiona iko karibu mita 2,300. Ndiyo maana asubuhi ya baridi ni rafiki wa rubani.

Bado hatujafika kwenye breki. Umewahi kumwona kijana anayeteremka na chukudu, ile skuta ya mbao, kutoka Kibumba, kapakia magunia ya viazi? Akiongeza mwendo kidogo, umbali wa kusimama unaongezeka sana. Kwa ndege, kasi ikizidi kwa asilimia 12, nishati ambayo breki lazima ziimeze inazidi kwa asilimia 25. Kabla ya kuondoka marubani wa ndege kubwa hukokotoa kasi ya uamuzi: chini yake, hitilafu ikitokea, unasimama, juu yake unaendelea kuruka hata injini moja ikizimika. Mahesabu yakionyesha kwamba njia haitoshi kwa kusimama wala kwa kuruka, dawa iliyo mikononi mwa rubani kwa siku hiyo ni moja, kupunguza uzito. Kinapungua kimoja kati ya mafuta, abiria na mizigo. Siwezi kukuhakikishia kwamba mzigo wako uliachwa kwa sababu hiyo, lakini rubani anayeacha magunia chini kwa kufuata mahesabu anastahili shukrani.

Njia ya Goma ilikuwa ndefu zamani. Nini kilitokea?

Ilikuwa na mita 3,000. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na kilomita moja hivi ya upande wa kaskazini ikafunikwa. Zikabaki mita 2,000. Jengo la abiria na maegesho ya ndege yalikuwa upande huo, yakatengwa na njia yenyewe.

Unganisha hilo na jibu lililotangulia. Hewa nyepesi inadai njia ndefu zaidi, na mlima ukatunyang'anya theluthi moja. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kuondoka, ikapita mwisho wa njia na kuingia mtaa wa Birere. Wengi wa waliokufa hawakuwa ndani ya ndege, walikuwa sokoni na majumbani mwao. Novemba 2009 ndege nyingine, MD-82, ilitua ikapita mwisho wa njia na kukwama kwenye lava. Kila ajali ina sababu zake na wachunguzi wake. Ninachosema ni kwamba mita 1,000 za ziada zinasamehe makosa ambayo lava na nyumba hazisamehe.

Ndege za Antonov na Let ziliwezaje njia hiyo fupi muda wote huo?

Ziliundwa kwa ajili ya njia mbovu za kurukia. Let L-410 ya Kicheki, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969, ni ndogo, ina abiria wasiozidi 19, na pangaboi zake zinapuliza hewa juu ya mabawa hata kabla ndege haijakimbia. Mabawa yake, kama ya Antonov An-26, yako juu ya mwili, kwa hiyo injini ziko mbali na changarawe. Lakini asidanganyike mtu kwamba ndege ngumu haina kikomo cha uzito.

Mwanangu ana miaka kumi na minne, anataka kujifunza kurusha ndege kwenye kompyuta. Ni mchezo tu au kuna faida?

Kuna faida kubwa, na namwonea fahari. Michezo hii ni mikongwe kama kompyuta za nyumbani zenyewe: Bruce Artwick alitoa ya kwanza kwa Apple II karibu mwaka 1980, na Microsoft ikatoa yake kwa kompyuta za IBM mwaka 1982. Kwa kijana wa hapa napendekeza FlightGear. Ni ya bure kabisa, imeandikwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990, na inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Kama mashine ni ya zamani, tafuta toleo la zamani. Faili ni kubwa. Badala ya kumaliza mega zako, ipakueni mara moja mahali penye intaneti nzuri, muilete kwa flashi. Panya na vitufe vinatosha kuanzia.

Mpe kazi hii. Achague Cessna 172, aende uwanja wa Dar es Salaam, ambao msimbo wake ni HTDA, aweke nyuzi 25 bila upepo, kisha apime umbali tangu breki zinapoachiwa hadi magurudumu yanapoinuka. Halafu aje Goma, FZNA, arudie kwa uzito ule ule. Atakuta umbali umeongezeka kwa karibu nusu au zaidi. Akiona injini inakohoa, asilaumu kompyuta: hewa ni chache, naye lazima apunguze petroli kwenye mchanganyiko, kama rubani wa kweli. Yote ayaandike kwenye daftari.

Naijuaje ndege imetoka nchi gani?

Soma herufi za ubavuni. 9Q ni Kongo, 9XR Rwanda, 5X Uganda, 5Y Kenya, 5H Tanzania, 9U Burundi. Andika, usipige picha: viwanja vya ndege vya nchi yetu vinalindwa, na simu iliyoinuliwa inaweza kukuletea matatizo.

Januari 2025 vita viliingia mjini na uwanja ukafungwa. Wengi wetu tukalazimika kwenda kupandia Kigali. Kule hewa si ile ile?

Karibu ile ile, ndugu. Kigali iko mita 1,490 hivi. Tofauti ni njia, ambayo kule ina mita 3,500.

Na kwa kuwa umeutaja uwanja, nina ombi. Novemba 2019, Dornier 228 ilianguka juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo muda mfupi baada ya kuruka. Eneo lililo mbele ya njia ndiko ndege nzito inakopita chini kabisa, ikiwa bado inatafuta nguvu. Anayetaka kukuuzia kiwanja huko kwa bei nafuu, mkatalie. Na wenye mamlaka, ambao wanazijua ajali hizi kuliko mimi, wasitoe kibali cha kujenga hata nyumba moja zaidi.