Jeraha la Kichwa Lisiloonekana

Mtu akigongwa na gari, kidonda cha kichwani hupona. Picha ya hospitali nayo yaweza kuonyesha hakuna neno. Lakini nyumbani tunaona amebadilika: anasahau, anakasirika upesi, hesabu ya duka inamshinda. Tusiseme ni uvivu ama amerogwa.

Kesi ya fidia ikifika kortini, hakimu atataka ushahidi. Hapo ndipo mtaalamu wa saikolojia ya ubongo anahitajika. Humpima mgonjwa kwa saa kadhaa: kumbukumbu, umakini, wepesi wa kufikiri. Halafu huangalia elimu yake na kazi aliyokuwa akifanya, apate kujua amepoteza nini. Huchunguza pia kama anajitahidi kweli ama anajifanya. Ripoti yake ni ya kuisaidia korti, si ya kumpendelea aliyemlipa.

Sisi tufanye nini?

1. Tuweke nakala ya fomu ya P3 na karatasi zote za hospitali.
2. Tuandike, pamoja na tarehe, mambo aliyoyaweza zamani na yanayomshinda sasa.
3. Tusikawie. Kwa kawaida sheria ya Kenya inatoa miaka 3 tangu ajali kumshtaki aliyezembea.

Tujadiliane: Je, kijijini kwetu yuko mtu wa namna hii? Nani atamsindikiza?