Unauza Nyumba Wakati wa Baridi? Anza Langoni, na Fundi Mlipe kwa Awamu

Kama unaishi Limuru au Kinangop, miezi ya Juni hadi Agosti unaijua: ukungu asubuhi, manyunyu, na jua la kubahatisha. Sasa fikiria ndio unatafuta mnunuzi wa nyumba. Kabla hajaona sebule, ashakanyaga matope langoni na kuona ukuta uliogeuka kijani.

Shangazi yangu alikuwa anauza nyumba yake Limuru. Julai, akaamua kupaka rangi nje. Fundi alitaka pesa yote kwanza, akatumiwa kwa simu, akapaka siku mbili ukuta ukiwa bado na unyevu. Baada ya wiki chache rangi ikaanza kufura na kubanduka. Ukimpigia fundi, mteja hapatikani. Mnunuzi alipokuja, aliuangalia ule ukuta akauliza kama nyumba inavuja. Haikuwa inavuja, lakini bei ilianza kushuka hapo hapo.

Msimu huu shughulikia maji kwanza, rangi baadaye. Safisha gata. Ikiziba, maji humwagikia ukutani na ndipo kuvu hushika. Kisha osha ukuta kwa jiki na maji ukitumia brashi ngumu, uache kama dakika 15, halafu suuza. Vaa glavu, na usichanganye jiki na dawa ya choo wala sabuni nyingine yoyote. Mimea iliyo karibu imwagie maji kabla na baada. Kusema kweli, kuta nyingi zikishaoshwa hivi hazihitaji rangi tena.

Ukiona lazima upake, ngoja ukuta ukauke kabisa, na kazi ifanywe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, baridi ikiwa imepungua. Bajeti ikibana, paka geti peke yake. Ni dogo, na ndilo mtu huona kwanza.

Matope nayo mwagia kokoto kutoka langoni hadi mlangoni. Punguza kayaba inyooke. Nyasi mpya achana nazo, baridi hii zitachelewa kushika. Weka mikebe michache ya maua mlangoni inatosha. Na ukipanga siku ya kuonyesha nyumba, mwambie mnunuzi aje kuanzia saa sita, ukungu ukiwa umeondoka.

Tuje kwa pesa, maana hapa ndipo shangazi aliumia. Vifaa lipia mwenyewe, moja kwa moja kwa nambari ya till ya duka la hardware. Jina la duka likitokea kwa simu, lisome kabla ya kuthibitisha malipo. Pesa ya kazi igawanye: kidogo fundi akianza, nyingine kazi ikifika nusu, na ya mwisho ukishakagua, ikiwezekana baada ya mvua moja kupita. Fundi akikataa mpango huo, tafuta mwingine. Usijipe moyo eti utarudisha muamala baadaye. Aliyepokea akishatoa pesa, kuipata ni kibarua.

Zile SMS za malipo usizifute. Zinaonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa. Mnunuzi akiuliza gata zilisafishwa lini au geti lilipakwa lini, unafungua simu unamuonyesha.