Bandari Iliyofungua Mlango wa Mbozi

SWALI: Mheshimiwa mhariri, je, ni kweli kwamba Injili ilifika kwetu Songwe kutoka Bagamoyo? — Msomaji, Tunduma

JIBU: Bagamoyo inastahili heshima yake, ndugu msomaji, kwa kuwa Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misheni yao pale mwaka 1868, na misafara mingi ya wamisionari ilianzia ufukoni hapo ikielekea Tabora na maziwa makuu, walakini mlango wa kwetu ulikuwa kusini, penye delta ya Zambezi, iliko Quelimane, bandari kongwe ambayo Vasco da Gama aliifikia mwaka 1498, nayo ilikwisha kuwa na wafanyabiashara Waislamu waliozoea bahari hii, kisha mmisionari Livingstone akatokea hapo mwaka 1856 baada ya kulikata bara.

Waliomfuata walipanda Zambezi na Shire kwa vyombo, wakashuka penye maporomoko ambako mizigo yote ilichukuliwa vichwani na wapagazi (watu hawa, ambao majina yao hayakuandikwa, nawaona kuwa ndio nguzo ya habari yote), wakaingia Ziwa Nyasa. Kwa njia hiyo Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kutoka huko mwenzao Traugott Bachmann akaja kuanzisha misheni ya Mbozi, huku kwetu Songwe, mwaka 1899, akajifunza Kinyiha kwa subira kubwa, akatafsiri Maandiko kwa lugha hiyo akisaidiwa na wenyeji.