Kiboko na Perege: Ninavyojibu Maswali ya Falsafa ya Mwanzo

Shule na vyuo vikifunga, hapa Bagara, Babati, hunijia vijana waliokutana na falsafa kwa mara ya kwanza: wa kidato cha tano na sita walioigusa juujuu kwenye somo la General Studies (GS), na wachache wa mwaka wa kwanza chuoni. Swali linaloongoza ni hili: "Mwalimu, kama kila mtu ana maoni yake, mnasahihishaje?"

Silijibu kwa maelezo. Naandika ubaoni: Samaki wote hushinda majini. Perege hushinda majini. Kwa hiyo perege ni samaki.

Wote husema iko sawa. Nafuta "perege", naweka "kiboko". Wanacheka, maana viboko wa Ziwa Babati wanawafahamu vizuri mno. Haya, kosa liko wapi? Kuna mbishi atakayesema kiboko usiku hutoka kwenda malishoni. Usimnyamazishe, mwonyeshe kwamba tumeandika "hushinda". Hata tukizikubali sentensi zote mbili, hitimisho ni bovu. Waache wahangaike. Hatimaye mmoja huona kwamba hatukusema wanaoshinda majini ni samaki peke yao. Basi hata hoja ya perege ilikuwa na kasoro hiyohiyo, ila ilibahatisha ukweli. Ninachosahihisha ni hicho: je, sababu zinalibeba hitimisho?

"Kuna falsafa ya Kiafrika?" Usikimbilie Ujamaa. Anza na Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyewahoji wazee wa vijijini na mwaka 1990 akatoa kitabu kuhusu hekima yao. Hakutosheka na "mababu walisema". Alitaka mzee aseme yeye mwenyewe anaonaje, na kwa nini. Kwa hiyo nawapa kazi: mwamkieni babu au bibi, mwulizeni kuhusu mila moja, kisha mumuulize kama yeye binafsi anaiafiki. Babu mmoja alimjibu mjukuu wake kwamba mahari ataipokea, ila hoja ya kuitetea hana. Jibu hilo tulilijadili hadi giza likaingia.

"Falsafa inamkana Mungu?" Hili nalimaliza haraka. Waseminari wa Kikatoliki husoma falsafa kwanza, ndipo teolojia. Thomas wa Akwino, mtawa, alitoa hoja tano za kuwapo kwa Mungu. Chagua moja uitafutie ufa. Anayehofia kufuru namkumbusha mwanafalsafa Immanuel Kant: alizipinga hoja za namna hiyo, na Mungu hakumkana.