SOMO LA AFYA: Mpasuko wa Njia ya Haja Kubwa na Tiba ya Ayurveda

Mpasuko wa njia ya haja kubwa ni mchaniko mdogo kwenye ngozi laini ya tundu la haja. Dalili zake ni maumivu makali wakati wa kwenda choo na damu nyekundu kidogo. Mara nyingi husababishwa na choo kigumu, na huwapata hata watoto na kina mama waliojifungua. Kwa kuona haya, wengi hudhani ni bawasiri na kujinunulia dawa kimyakimya, zikiwemo za Ayurveda zinazouzwa katika maduka ya bidhaa za Kihindi mijini.

Ayurveda ni tiba ya jadi ya India yenye zaidi ya miaka 2,000. Huuita ugonjwa huu parikartika, yaani maumivu ya kukatwa kama kwa makasi.

Yanayosaidia

1. Maganda ya mbegu za isabgol. Haya ni nyuzinyuzi zinazofyonza maji na kulainisha choo. Koroga kijiko kimoja cha chai katika glasi nzima ya maji, unywe mara moja, kisha uongeze maji mengine. Ukiyameza bila maji ya kutosha yanaweza kukukaba. Kama unatumia dawa nyingine, tenganisha kwa saa mbili.

2. Kukalia maji ya uvuguvugu. Kaa ndani ya karai safi dakika 10 hadi 15, hasa baada ya kwenda choo. Misuli hulegea na maumivu hupungua. Usitie sabuni wala dawa ya kuua viini.

3. Trifala. Ni unga wa matunda matatu yaliyokaushwa ambao hulegeza tumbo. Mama mjamzito, anayenyonyesha au anayetumia dawa za kisukari amuulize daktari kwanza.

Asiyeweza kununua hivi asikate tamaa. Maharagwe, ndengu, sukuma wiki, papai na maji ya kutosha hulainisha choo vilevile.

Ya kuepuka

Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa madini. Mwaka 2004, watafiti waliopima bidhaa 70 zilizouzwa Boston, Marekani, walikuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Sumu hizi hudhuru figo na ubongo, hasa wa mtoto. Usinunue dawa isiyoonyesha viungo vyake wala mtengenezaji.

Nenda kituo cha afya

Mipasuko mingi mipya hupona ndani ya wiki sita. Usingoje muda huo ikiwa damu ni nyingi au nyeusi, unapungua uzani, una homa au usaha, au mwenendo wa choo umebadilika. Saratani ya utumbo pia huanza kwa damu kidogo, na haitambuliki bila kupimwa. Mhudumu wa afya ameona wagonjwa wengi wa aina hii. Mweleze bila haya, na umtajie kila dawa ya jadi unayotumia.